Safari ya Kumtafutia Babu Tairi la Mbele

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana msipousikia kwangu mtausikia kwa Bibi, na Bibi huongeza chumvi. Nilijaza maharage kwenye tairi la mbele la pikipiki ya Babu. Maharage makavu, ya mbegu, karibu debe zima.

Sababu nilikuwa nayo. Tyubu ilipata pancha, Babu akanituma niizibe. Nikaivuta ile tyubu, ikavutika mpaka nikashangaa, nikaona ni dhambi kuipaka gundi raba tamu namna ile wakati kijiji kizima kina shida ya manati. Nikaikata. Yakatoka manati manne, moja langu na matatu ya washikaji. Nilipomaliza kugawa ndipo nikakumbuka kwamba tairi bado linataka kitu ndani. Sasa, mwalimu wetu wa fizikia kidato cha tatu alitufundisha kwamba tairi hubebwa na msukumo unaosambaa sawasawa pande zote. Hakusema popote kwamba lazima msukumo huo uwe wa hewa. Nikaenda kwenye ghala la Bibi.

Pikipiki yenyewe si kama hizo mnazoziona zikipita huko kwetu Pasiansi. Babu yangu, mzaa mama, ni manju. Anaongoza kundi la ngoma la kijiji chao, kule ziwani, ukiiacha barabara ya Musoma pale Kisesa. Kila mwaka baada ya mavuno makundi mawili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, moja kila upande, na watu huenda wanakopenda. Jua likishuka, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Hakuna maksi; waamuzi kazi yao ni kutazama vichwa tu. Sasa tangu mwaka jana magoti ya Babu yamegoma. Mama yangu, ambaye ni muuguzi na kazini wanamwogopa hata wagonjwa waliozimia, akatoa amri: mwaka huu Babu abaki nyumbani, au aingizwe uwanjani kwa machela.

"Kwa machela?" Babu akasema. "Nikiingia nimelala, wale wa upande wa pili watanililia. Watanitungia wimbo wa matanga nikiwa hai. Na watautunga vizuri, nawajua, mpaka mimi mwenyewe nitaitikia."

Ndiyo maana akatafuta pikipiki. Siku hizi kila kitu kinashuka kutoka Japani, kuanzia redio hadi soksi, na fundi mmoja wa Igoma akapata pikipiki ya mtumba, akaikata sehemu ya nyuma, akaichomelea kwenye ekseli ya pikapu iliyokufa. Magurudumu matatu, kiti kipana, na nyuma mahali pa kufunga ngoma kubwa. Babu akaiita Mafiga. Mwaka huu angeingia uwanjani ameketi wima kama mtu anayekwenda kulipwa.

Jumatano mchana Babu aliipeleka Mafiga ziwani kunywa. Msicheke, yeye amefuga ng'ombe maisha yake yote na chombo kinachonguruma bila kunyweshwa hakimwingii akilini. Aliiingiza gurudumu la mbele majini, akaiacha hapo mpaka kesho yake ipoe vizuri. Maharage nayo yakanywa. Alfajiri tairi lilikuwa limepasuka ubavu mzima na kubanduka kwenye rimu, maharage yamevimba na kutokeza nje kama meno ya mtu anayecheka, na bata wa Bibi wamekwishapanga foleni.

Babu alitazama tairi, akatazama bata, akanitazama mimi.

"Mwizi wa mke wangu," akaniita, kama anavyoniita siku zote, maana mimi na yeye tunagombania Bibi. "Leo Alhamisi. Ngoma ni Jumamosi. Vaa viatu."

Asubuhi ile ile tukaondoka. Hakuna gari lililokubali kubeba Mafiga, kwa hiyo Mjomba Masanja, mdogo wake Mama, alifunga ng'ombe wawili kwenye mkokoteni. Uma wa mbele wa pikipiki tukaupandisha juu ya mkokoteni na kuufunga kwa kamba, magurudumu ya nyuma yakabaki chini yanajiviringisha. Nikadhani Babu atakaa kwenye mkokoteni kama binadamu. Hapana. Alipandishwa kwenye kiti cha Mafiga, akavaa miwani ya fundi wa kuchomelea aliyopewa siku ya kununua, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Babu, usukani huo hauendeshi kitu."

"Na wewe hujaoa, mbona una ndevu tatu?"

Mjomba Masanja huongea na ng'ombe tu, na hao ng'ombe wanaitwa Mageuzi na Vyama Vingi. Mageuzi husimama kila baada ya hatua chache kufikiri. Vyama Vingi huvuta kushoto, wakati wote, hata kama kushoto kuna mtaro. Wakiwa pamoja hufika, lakini si kwa njia uliyokusudia.

Kabla hatujatoka Bibi alinipa kifurushi cha viazi na kuniambia, "Mume wangu, ukirudi bila tairi, usirudi na njaa pia." Sikuwa na hakika kama ni laana au baraka.

Karibu na Kisesa, tulipoingia barabara ya lami, askari wa usalama barabarani alitusimamisha. Tena alikuwa amekwishainua mkono kabla hajaona vizuri anachokisimamisha. Aliuacha mkono juu muda mrefu akiwa anatutazama.

"Shikamoo, mzee," akasema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu."

"Dereva ni nani hapa?"

Mjomba akaonyesha ng'ombe. Babu akapiga honi, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa inafanya kazi.

"Mzee, una leseni?"

"Ya nini? Mimi nimekaa tu."

"Umekaa kwenye pikipiki."

"Na pikipiki imekaa kwenye mkokoteni. Uulize mkokoteni."

Askari akazunguka msafara wetu wote. Akahesabu magurudumu, akatoa yale ya mkokoteni, akayarudisha, akahesabu tena. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilivaa kaptula ya shule na alidhani nina akili, chombo hiki ni cha aina gani. Nikamwambia, "Afande, kwa mbele ni mkokoteni, katikati ni pikipiki, nyuma ni pikapu. Lakini moyoni ni ngoma."

"Na honi anapiga ya nini?"

"Ng'ombe hawana taa za breki," Babu akajibu.

Askari akavua kofia akajifuta jasho. "Nendeni," akasema. "Ila mkifika Igoma msiseme mlipita kwangu."

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoingia Igoma. Ambaye hajafika Igoma siku za karibuni asijidai anapajua. Kila nilipokwenda likizo nilikuta kibanda kipya: hapa wanachomelea mageti, pale wanauza friji zilizovaa baridi ya nchi nyingine, pale mtu amening'iniza viatu vya mguu mmoja mmoja na anasubiri viatu vingine vije na meli ijayo. Fundi wetu, Fundi Bakari, alikuwa na kibanda kando ya barabara, na mbele yake mti wa nguzo umevishwa matairi kama bangili. Yeye ni mfupi, ana sauti kubwa, na kila kitu kilichopata kutembea katika mkoa huu alikitengeneza yeye.

"Karibuni! Huyo ni mwanangu huyo! Mimi ndiye baba wa Mafiga!" Kisha akainama kwenye rimu, akatoa kitu kwa kidole, akakinusa. "Mzee, nani kaweka mboga humu?"

Babu akanielekezea usukani.

"Kijana," Fundi akasema, "ungetia na chumvi basi."

Mafundi wa vibanda vya jirani wakaja kutazama rimu yenye maharage. Mmoja akaniuliza kama nyumbani kwetu injini tunaitia uji. Nikajibu ndiyo, wa ulezi, wa mahindi unaleta moshi. Nikaona heri nicheke nao kuliko nichekwe peke yangu.

Fundi Bakari akaanza darasa. Tairi la pikipiki ya kawaida, alisema, limetengenezwa mviringo kama yai, kwa sababu pikipiki hulala inapokata kona, na ikilala inakanyagia ubavu wa yai. Lakini Mafiga hailali. Ina magurudumu mawili nyuma, imesimama kama meza. Ukiifunga tairi la yai, itakanyagia ncha tu ya katikati, usukani utachezacheza mchangani, na mwaka hauishi limekwisha katikati huku mbavu zikiwa mpya. "Unataka tairi lenye uso bapa, mzee. Bapa! Kama chapati."

Maelezo mazuri, hata mimi niliyaelewa. Babu hakuyasikiliza. Alikuwa amekwisha kuchomoa kirungu cha kupigia ngoma kutoka nyuma ya kiti.

"Tairi la mbele ndilo linaloukanyaga uwanja kwanza," akasema. "Kabla yangu, kabla ya ngoma. Nataka nilijue."

Ndipo nilipogundua kwamba hatukuja kununua tairi. Tulikuja kuliposa.

La kwanza lilikuwa la mbele la pikipiki ya kawaida, lenye mistari mirefu kama paji la uso la mwalimu wetu wa zamu. Babu aliamuru nilisimamishe, akaligonga kwa kirungu. Likatoa sauti kavu. "Lina kikohozi," akasema. "Lifuate lingine."

La pili lilikuwa na vifundo vikubwa, hayo mafundi wanayoyaita kashata. Babu akataka nilibiringishe kwenye vumbi ili aone nyayo zake. Nikalibiringisha. Akainama kwenye kiti, akavuta miwani ya kuchomelea puani. "Hizi ni nyayo za mbuzi. Watu wataona hizi uwanjani watadhani ni mnada."

La tatu lilikuwa dogo, la skuta. Akalivaa kichwani. "Hili ni ngata ya kubebea ndoo."

La nne Fundi Bakari alilitoa ndani kabisa, limefungwa karatasi, jipya kutoka dukani, bado lina vile vinyweleo vya mpira vinavyosimama. Akalifunua kwa heshima. Babu akalipapasa. "Halijanyolewa," akasema. "Sipeleki mtoto kwenye ugomvi wa watu wazima."

"Mzee, ni jipya!"

"Ndiyo nasema. Halijakanyaga hata kokoto. Litafika pale liwaone watu lianze kulia."

Kufikia hapo Igoma ilikuwa imesimama. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la sangara wa kukaanga alilitua chini akasahau kuuza. Kondakta aliyekuwa anaitia abiria alikuja kututazama, halafu na abiria wake wakaja. Babu aligonga, akasikiliza, akatukana tairi, watu wakapiga kelele. Aligonga tena, mara mbili, mara tatu, na mnajua mtu aliyezoea kupiga ngoma hawezi kugonga kitu mara tatu akaishia hapo. Kirungu kikakolea. Yule wa sangara akaanza kutikisa mabega. Fundi Bakari mwenyewe, huku bado anataja bei, alikuwa anachezesha shingo.

La tano lilikuwa limeegemezwa ukutani, hakuna aliyelileta. Lilikuwa la nyuma, la pikipiki kubwa, pana, limelika katikati likawa bapa.

"Hili limekuwaje?" Babu akauliza.

"Hilo limechoka kwa kwenda moja kwa moja, mzee. Barabara kuu za Japani. Lakini uso wake umekuwa bapa kama nilivyokwambia, mbavu zina nyama bado. Kwa chombo chako ndilo hasa."

"Huko kwao hakuna kona?"

"Hakuna."

Babu akaligonga. Lilijibu *ndu*, sauti nzito ya tumboni, na watu wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na mnanijua.

Babu akaliinamia. "Limewahi kupita msibani?"

"Mzee, limekuja kwenye kontena!"

"Kwani Wajapani hawafi?"

Fundi Bakari akakuna kichwa. Kundi zima lilikuwa linamsubiri ajibu, na niliona sura yake ikitafuta njia ya kutokea. "Wanakufa, mzee," akasema. "Ila wenyewe kuzikana huenda kwa treni."

"Basi lifunge," Babu akasema, na Igoma ikashangilia kama bao limeingia.

Kulifunga ilikuwa kazi ya wanaume wanne. Waliipaka rimu sabuni, wakaliingiza tairi kidogo kidogo kwa vyuma, wakaruka juu ya tairi kama watu wanaoponda zabibu za watu. Tyubu waliyotia ilikuwa ya kwao, na Fundi aliniambia niitazame kwa mbali tu. Kisha akaonyesha mshale mdogo uliochorwa ubavuni mwa tairi. Mshale huo, alisema, huonyesha tairi linavyotakiwa kuzunguka likiwa nyuma, mahali ambapo injini ndiyo inayolisukuma. Likihamishiwa mbele, linafungwa kinyume, kwa kuwa mbele kazi yake kubwa ni breki. Ukilifunga mshale uelekee mbele, ukishika breki siku moja litamenyeka kama ndizi. Kwa hiyo mshale wetu ulielekea nyuma, na ndivyo inavyotakiwa.

Aliyasema hayo kwa sauti kubwa. Babu hakuyasikia, alikuwa anawafundisha watu wa Igoma kiitikio. Niliyasikia mimi. Laiti yangeingilia sikio moja yakatokea lingine, kama mambo mengine ya shule.

Tukalala kwa Fundi. Ijumaa asubuhi Mafiga ikawashwa, ikakohoa, ikanguruma. Babu akaendesha mwenyewe, mimi nimekaa nyuma mahali pa ngoma, Mjomba na ng'ombe wanafuata nyuma mikono mitupu, kama ng'ombe wanavyokuwa na mikono. Usukani ulikuwa umetulia. Tairi lilikanyaga lami bapa, bila kucheza. Babu alikuwa anaimba. Tulipita mahali alipokuwa yule askari, naye akageuka haraka akaanza kukagua mti.

Pale Kisesa tulisimama kumsubiri Mjomba. Watu wakaja kusalimia chombo, na mimi nikaanza kutambia tairi letu, kana kwamba nimelizaa. Mtoto mmoja akauliza mshale ule ni wa nini.

Ningeweza kumweleza habari za breki. Lakini walikuwa watu wengi, na wengine walikuwa wasichana.

"Huo?" nikasema. "Tairi linaonyesha linakotaka kwenda. Linasema turudi Igoma."

Watu wakacheka sana. Babu hakucheka. Alizima injini.

"Uko wapi huo mshale?"

"Babu, natania. Fundi alisema ni mambo ya breki..."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Aliutazama mpaka watu wakaacha kucheka mmoja mmoja.

"Kesho," akasema polepole, "kitu cha kwanza kukanyaga uwanja kina alama ya kurudi nyumbani. Na watu wote niliowaita watafuata alama."

"Tuukwangue kwa kisu."

"Ng'ombe wa mtu ukimkata sikio lenye alama, anakuwa wako?"

"Basi turudi kwa Fundi aligeuze."

"Fundi kasema likigeuzwa litamenyeka. Nimesikia. Mimi husikia vyote, ila vingine huviweka." Akavua miwani. Bila miwani alionekana mzee kuliko alivyoondoka nyumbani. "Mpelekee mama yako salamu. Mwambie alete machela yake."

Nilitamani lami ipasuke. Nilianza kueleza habari za injini kusukuma na breki kuvuta, nikachora mchangani, nikamtaja na mwalimu wa fizikia. Babu alikuwa anatazama ziwa kwa mbali. Nilikuwa nimemnyang'anya kiti chake mara mbili katika wiki moja, mara ya kwanza kwa maharage na mara ya pili kwa mdomo mtupu.

Wakati huo Mjomba Masanja alikuwa amefika. Akasikiliza. Akaenda nyuma ya Mafiga na kamba. Tukamwona anaufunga mkokoteni kwenye ekseli ya pikapu, upande wa mkiani, kisha akarudi kwa Mageuzi na Vyama Vingi na kuwaambia kitu masikioni. Alipoona sote tumeduwaa, akasema sentensi pekee niliyomsikia akisema na binadamu safari nzima:

"Kama tairi linataka kurudi nyuma, si tulirudishe nyuma mpaka nyumbani?"

Babu akafikiri. Akainama kuutazama mshale. Akavaa miwani.

Hivyo ndivyo tulivyosafiri kutoka Kisesa hadi kijijini: ng'ombe mbele, Mafiga ikivutwa mkia kwanza, tairi la mbele limekuwa la mwisho na linazunguka kama mshale unavyotaka, na Babu ameketi wima ameupa mgongo mwisho wa safari, anaitazama njia tuliyokwisha kuipita. Aliokutana nao aliwasalimia wakiwa wamekwishapitwa. Jioni Bibi alitoka nje akaniambia, "Mume wangu, mzee mmemleta kinyumenyume." Wapiga ngoma wa kundi walikuja, wakaona, wakajadili pembeni kwa sauti za chini. Wapinzani walikuwa wamekwishapata habari na wameanza kutunga. Babu hakula usiku ule.

Jumamosi mchana uwanja ulikuwa umejaa, ila umejaa upande mmoja. Kundi la upande wa pili lilikuwa limeleta mtu wa mbao, mrefu kama mlango wa kanisa, anavuta sigara na moshi unamtoka masikioni. Ndani yake kulikuwa na mtu mwenye kiriba cha kuvuvia moshi, kila mtu alijua, na bado kila mtu alitaka kuona. Upande wetu kulikuwa na wapiga ngoma, Bibi, na mbuzi. Mama alikuwa amekuja kutoka Pasiansi na machela ya kukunja, ameishikilia kama bunduki. Hakunisalimia. Alikuwa anatazama njia.

Mafiga ikaingia. Njia ya kuingilia ilipita karibu kabisa na watu wa mtu wa mbao, kisha ikakata uwanja kuja kwetu. Walipoona ng'ombe, walicheka. Walipoona mkia wa pikapu, walicheka zaidi. Waimbaji wa wapinzani wakaanza ule wimbo wao wa matanga, na kweli walikuwa wameutunga vizuri. Halafu Babu akapita mbele yao, kinyumenyume, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwao, kwa sababu manju yeyote akishawapita watu huwapa mgongo, lakini Babu alikuwa amewakodolea macho.

Akaondoka huku anawatazama. Akainua kirungu, akaligonga tenki la mafuta, na akaanza kuwaaga. Mmoja mmoja, kwa majina. Aliwaimbia madeni yao ya pombe, aliwaimbia wake waliowakimbia, alimwimbia mwenyekiti wa kijiji aliyeanguka kwenye baiskeli mbele ya wakwe, na kila ubeti aliukata katikati, maana ng'ombe walikuwa wanamvuta na sauti inazidi kwenda mbali. Niambieni, mtu anakuimbia siri za jirani yako huku anatoweka, utabaki unatazama moshi? Watu wakasogea hatua moja wasikie. Wakasogea nyingine. Vyama Vingi akavuta kushoto, Mafiga ikayumba, na kundi lote likayumba kushoto. Mageuzi akasimama kufikiri, na watu wakagongana.

Ilipofika upande wetu uwanja mzima ulikuwa nyuma yake. Nikaruka kwa furaha. Lakini ng'ombe hawakusimama. Ulikuwa wakati wao wa kunywa maji, na Mjomba Masanja alipowaambia kitu masikioni hawakumjibu. Wakatoka na Babu upande wa pili wa uwanja, wakateremka kwenda ziwani, Babu bado yuko ubeti wa mwenyekiti, na watu wakamfuata. Waamuzi wakafuata watu. Waimbaji wa matanga wakafuata waamuzi. Mwisho kabisa niliona mtu wa mbao akishuka mteremko kwa miguu ya aliyemo ndani, haoni njia, moshi unatoka.

Ng'ombe waliingia majini mpaka tumboni, wakanywa. Babu akaimba pale pale, maji yamefika kwenye magoti yake yaliyogoma, watu wamesimama ziwani kumzunguka, mpaka jua likashuka. Waamuzi walibishana kidogo kwamba ziwa si uwanja. Mkubwa wao, suruali imekunjwa mapajani, akakata shauri kwamba mwenye watu ndiye mwenye ushindi, hata kama amewaweka kwenye maji.

Mimi nimejifunza kwamba chombo kisicholala kinataka tairi lenye uso bapa, na kwamba mshale wa tairi usimsomee mzee mbele ya wasichana. Mengine bado nayafikiria.

Tulipoikokota Mafiga hadi nchi kavu, Babu alikuwa amesinzia kwenye kiti, ameketi wima, mikono kwenye usukani. Mama alikuwa amekaa juu ya machela yake, amekunja miguu, amechoka kucheka, macho yote mekundu. Akanigeukia, na haya ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mvue baba viatu, vimelowa. Na wewe Mabula, Jumatatu mwalimu akikuuliza likizo umejifunza nini, mwambie ulikuwa unaumwa malaria."